Pamba Ndani ya Kengele

Baba mdogo Doto aliponiambia niizibe kengele ya mashine kwa pamba, nilipaswa kukataa. Nilikuwa mtoto, lakini mtoto aliyefundishwa. Nilijua kengele ile ni ya nini, nilijua hufanywa nini ikilia, na nilijua ni nani aliyenikabidhi. Badala ya kukataa, nilinyofoa pamba kiasi cha ngumi yangu, nikaisokomeza.

Jambo hili lilikuwa limelala muda mrefu. Limeamshwa na gari la mjukuu wangu. Juzi alikuwa akinitoa Runzewe kunipeleka Geita, nikaona amebandika plasta, hii ya kufungia vidonda, mbele ya usukani. Nikamuuliza pana jeraha gani pale.

"Kuna taa nyekundu, babu. Inawaka muda wote, inanichosha macho."

Nikamwambia asimame. Akacheka, akadhani ni utani wetu wa babu na mjukuu. Gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja nje. Hapo akasimama. Alipoinua boneti, ikanijia harufu ya oili iliyoungua, na mimi sikuwa tena pembeni ya barabara ya Runzewe. Nilikuwa Nkome, ndani ya shimo la mashine ya boti, magoti yangu yakiwa juu ya ubao wenye grisi.

Nkome ya wakati ule ilinuka samaki na pamba. Furu, samaki wadogo wa ziwani, walianikwa juu ya nyasi, na magunia ya pamba yalipangwa ufukweni yakisubiri boti iyapeleke jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Pamba haikubali kukaa guniani. Iliruka na upepo, ikanasa kwenye ndevu za wazee, kwenye nyavu, kwenye chungu. Mama alikuwa akitusongea ugali huku mkono mmoja ukiokota nyuzi, na bado tulizikuta mdomoni.

Boti ilikuwa ya tajiri mmoja aliyekaa Mwanza. Wawili ndio walioiendesha: baba yangu Kulwa, fundi wa mashine, na pacha wake Doto, nahodha. Kwetu pacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Walifanana mpaka sauti. Nikiwa mdogo zaidi nilikuwa namwamkia Doto "Shikamoo baba", naye ananiacha niendelee, mpaka baba mwenyewe anatokea nyuma ya nyumba na watu wanaangua kicheko. Kilichowatenga ni mikono. Mikono ya baba ilikuwa na oili ndani ya mistari ya viganja, haikutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Ya Doto ilikuwa na sugu za kupiga ngoma.

Nyuma ya injini ya boti kulikuwa na giaboksi, sanduku zito la chuma lenye meno ndani, linalopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye propela. Meno yale huishi kwa oili inayosukumwa na pampu ndogo. Oili ikikosa msukumo, swichi iliyo ubavuni mwa sanduku inashtuka, na kengele ya shaba, ukubwa wa kisosi, inalia juu ya kichwa cha fundi. Haya nayajua sasa kwa maneno. Wakati ule niliyajua kwa namna yangu. Kila asubuhi baba alipowasha umeme wa betri, kengele ililia, kwa sababu mashine haijaanza na oili imelala. Baba akazungusha hendeli ya kuwashia, injini ikakohoa na kushika, kengele ikanyamaza. Mimi niliamini kengele inamwogopa baba. Niliiona kama mtoto mtundu anayepiga kelele mpaka mzazi aingie chumbani.

Baba aligundua ninavyofikiri, akacheka, kisha akaanza kunifundisha, kwa kuwa hakupenda mtu awe na imani isiyo sahihi karibu na mashine. Kengele ikilia mkiwa majini, alisema, unazima kwanza, maswali baadaye. Boti ielee, watu watukane, wewe zima. Kisha unachomoa kijiti cha kupimia oili na kukitazama. Hutazami kina cha oili tu. Unaitazama rangi, maana oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji. Unainusa. Unaisugua kati ya vidole usikie kama kuna chenga za chuma. Kama yote ni mazuri, ndipo unaishuku kengele yenyewe.

Na kengele iliwahi kushukiwa. Msimu mmoja ililia njia nzima. Baba alizima, akapima, akanusa, hakuona kosa. Akaniita nisogee.

"Tazama hapa, Masanja. Nauchomoa waya kwenye swichi. Unasikia nini?"

"Bado inalia, baba."

"Swichi haina waya na bado inalia. Basi anayelia ni nani?"

Nilifikiri. "Waya?"

"Waya. Umechubuka mahali, unagusa chuma. Kama ingenyamaza nilipochomoa, ningejua swichi ndiyo inayolia, na swichi hailii bure. Hapo unaiamini, hata kama huoni ugonjwa. Na ukimaliza kupima unaurudisha waya. Waya haubaki nje."

Alipapata penye mchubuko, akapafunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tangu siku hiyo Doto aliita kengele ile Mmbeya. "Mmbeya wako kaamkaje?" alikuwa akimuuliza baba asubuhi. Baba alijibu, "Hajambo, anakuulizia deni lako." Utani wa watu waliokaa tumbo moja.

Baba aliniahidi mashine ile. Alisema siku nitakayofikia mdomo wa kujazia oili bila kupanda juu ya boksi, atamwambia tajiri amepata msaidizi, na siku atakayochoka, mashine itakuwa yangu. Tajiri alikuwa anamsikiliza. Injini ya Kulwa haijawahi kuzimika majini isipozimwa na Kulwa; hayo yalikuwa maneno ya tajiri mwenyewe, na baba aliyatembeza Nkome nzima kama mtu anayetembeza ng'ombe mzuri. Mimi sikuwa natamani kitu kingine. Nilikuwa najipima kwenye boksi lile kila siku.

Baada ya mavuno yakaja mashindano ya ngoma. Anayetoka Usukuma hahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba makundi mawili huchezea pande mbili za uwanja, na watu hukimbilia upande unaowavuta, na kundi lililobaki na uwanja mtupu huimbwa vibaya mpaka mavuno mengine. Mwaka ule uwanja ulikuwa ng'ambo ya maji, upande wa Buchosa. Doto alikuwa mpiga ngoma mkubwa wa kundi letu. Tajiri aliruhusu boti iwapeleke, maana pamba ilikuwa imekwisha na magunia machache tu ndiyo yaliyobaki.

Asubuhi ya safari baba aliamka na homa. Nilimkuta amejikunja kwenye kitanda cha kamba, meno yakigongana, mama akimfunika. Doto alisimama mlangoni.

"Kulwa, watu wako ufukweni."

"Waende kesho."

"Ngoma ni leo. Tusipofika tutaimbwa."

"Mtaimbwa basi. Kuimbwa hakuui."

"Wewe huimbwi, wewe uko kitandani," alisema Doto. "Masanja anaijua mashine. Umesema mwenyewe, kila mahali unasema."

Baba akanitazama. Niliona anataka kukataa, na niliona pia kwamba sifa zake mwenyewe zimemfunga mdomo. Akaniita karibu. Pumzi yake ilikuwa moto.

"Jaza oili kidogo kwenye giaboksi kabla ya kuondoka. Tumia faneli. Kengele ikilia?"

"Nazima."

"Nani anaweza kukuambia usizime?"

"Hakuna."

"Haya. Nenda, baba."

Nilikwenda nikiwa mrefu kuliko nilivyoamka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, ambalo sikulijua kuwa ni kosa. Debe la oili lilikuwa limekaa wazi ufukweni na juu yake nikaona mchanga. Baba angechuja kwa kitambaa. Kitambaa sikukiona, pamba ilikuwa imejaa kila mahali. Kwetu pamba hufanya kila kazi, inafuta kidonda, inaziba sikio, inawasha moto. Nikatia pamba shingoni mwa faneli, nikamimina. Oili ilishuka safi, nikajisifu. Nilipoiondoa faneli, pamba haikuwamo. Nilitazama chini, kwenye maji meusi yaliyotuama kati ya mbao, nikasema imedondokea humo. Sikutazama zaidi.

Wachezaji walipanda wakiwa na majembe yao mabegani, yale wanayoyarusha na kuyadaka wakicheza. Manju wetu, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, alikuwa mtu mnene aliyeitwa Ng'wana Malimi. Alinisalimu "Mwangaluka" kwa heshima, kama fundi mzima. Naye alikuwa na mwiko wake: siku ya mashindano kusisikike mlio wa chuma mpaka wafike uwanjani. Njuga zote, hizo kengele ndogo za miguuni, zilikuwa zimesokomezwa pamba tangu nyumbani na kufungwa kwenye ngozi. Alisema mlio ukitangulia njiani, wapinzani wataudaka kwa dawa zao na miguu ya vijana itakuwa mizito. Nilipowasha umeme wa betri na kengele ikalia, nilisikia minong'ono juu yangu. Doto akawatuliza, "Huyo Mmbeya anaamka tu." Injini ikashika, kengele ikanyamaza. Nilihisi sasa inaniogopa mimi.

Tulikwenda vizuri sana. Ziwa lilikuwa limelala, mnandi wamekaa juu ya mawe wakianika mabawa, na juu ya kichwa changu watu walikuwa wanapiga soga kwa sauti za chini kwa sababu ya mwiko. Tukaingia kwenye mlango mwembamba kati ya majabali, ambako maji yana mkondo na upepo hugeuka. Kengele ikalia.

"Masanja, nini hiyo?" Doto aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Ya giaboksi, baba mdogo. Nazima."

"Usizime. Hapa kwenye mawe uzime tukapondwe? Pima kwanza."

Kuhusu mawe alisema kweli, na hilo lilinichanganya. Sikuzima. Nikachomoa kijiti, oili ilikuwa imejaa, rangi yake nzuri. Nikapaza sauti kwamba imejaa.

"Basi ni umbea. Angalia waya wake."

Niliupapasa waya. Kile kipande cha tyubu kilikuwa kimelegea, nikafurahi, nikadhani nimepata. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa: nikauchomoa kwenye swichi.

Kengele ikanyamaza.

Nataka hapa nieleweke. Katika kimya kile nilijua. Kimya chenyewe ndicho kilichokuwa jibu: swichi ndiyo iliyokuwa ikilia, na swichi hailii bure. Niliurudisha waya, kwa kuwa waya haubaki nje, na kengele ikaanza upya.

"Baba mdogo, si waya," nikasema. "Inasema kweli."

Juu yangu Ng'wana Malimi alikuwa amesimama. Sikumwona, ila niliona miguu yake mipana kwenye ukingo wa shimo. "Doto," alisema taratibu, "chuma hicho kinatutangulia. Tukifika kinalia hivi, hawa vijana hawachezi. Wataogopa. Geuza turudi, au kinyamazishe."

Doto alimwachia mtu mwingine usukani, akainama kwenye shimo. Uso ulioingia ulikuwa uso wa baba. Sauti ilikuwa ya baba.

"Mwanangu, tumekwisha kuona ng'ambo. Ni hapo tu. Iwekee pamba kama njuga. Tukifika tutazima, tutaitazama pamoja."

"Baba alisema…"

"Baba yako anatetemeka kitandani. Mimi ndiye baba hapa. Au fundi anaogopa?"

Watu juu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba uso ule ulinidanganya. Haukunidanganya, mikono iliyoshika ukingo wa shimo ilikuwa safi. Kilichonishika ni kile kicheko, na hesabu ya kitoto niliyoipiga haraka: baba alinikataza kuacha waya nje, hakunikataza pamba. Nikasokomeza pamba kati ya nyundo na shaba mpaka mlio ukawa kama nyuki ndani ya kibuyu. Watu wakashukuru. Ng'wana Malimi aliniita fundi kwa mara ya pili.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha giaboksi likaanza kuimba, mlio mwembamba unaopanda. Nikaweka kiganja juu yake, nikakitoa upesi kwa joto. Harufu ikaja, ile ile. Nikaruka kuzima injini, lakini kabla sijafika palitokea mshindo mmoja mfupi, kama gogo linalopasuliwa, na boti nzima ikashtuka. Injini ikazimika yenyewe. Hapakuwa na mlio wowote isipokuwa nyuki ndani ya kibuyu.

Upepo ulitugeuza ubavu. Wachezaji walipiga makasia kwa majembe yao ya ngoma, wengine kwa mbao za sakafu, lakini mkondo ulikuwa na nguvu zaidi. Jabali likatupiga, mbao za ubavuni zikapasuka na maji yakaingia. Hakuna aliyekufa. Tulitoka mmoja mmoja juu ya mawe, mpaka mitumbwi ya wavuvi ilipokuja kutuchukua na kuikokota boti. Ngoma za Doto zililowa, na uwanjani hatukufika. Wapinzani walipata wimbo: watu wa Nkome wamekwenda kulima ziwa. Ulivuka maji kabla ya boti kukokotwa hadi nyumbani.

Baba alilifungua giaboksi alipoweza kusimama. Aliniita nimshikie bakuli la mafuta ya taa. Akatoa chujio, ule wavu mdogo ambao oili hupitia kabla ya kufika kwenye pampu. Lilikuwa limezibwa na kitu kama kifaranga aliyelowa. Alikivuta kwa ncha ya bisibisi, akakiosha kwenye bakuli. Pamba. Kisha akainua mkono juu, akatoa pamba nyingine kwenye kengele. Akaziweka zote mbili kwenye ubao, ubavu kwa ubavu, moja nyeusi na moja nyeupe. Ndani ya sanduku meno ya gia yalikuwa yamenyofoka na kuwa ya buluu kwa moto.

"Ulisikia ikilia?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Ulichomoa waya?"

"Ndiyo."

"Ikafanyaje?"

"Ikanyamaza."

Alinawa mikono kwenye yale mafuta ya taa, polepole, kidole kwa kidole. Nilisubiri fimbo. Ningeipenda.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

Tajiri alikuja na gari lake. Nilijificha nyuma ya magunia, nikasikia Doto akisema yeye ndiye aliyetoa amri, adhabu iwe yake. Baba akamkatiza. "Nahodha hana kosa kwenye mashine. Mashine ni yangu. Niliiacha na mtoto. Mtoto si fundi." Tajiri alimpenda baba, lakini meno ya gia kama yale yalikuwa hayapatikani ila kuagizwa nje kwa meli, na mbao zilikuwa zimepasuka. Aliiuza mashine ya ile boti kama chuma chakavu. Doto alipata usukani kwingine, maana nahodha hakulaumiwa. Fundi wa boti iliyokufa hakuna aliyemtaka ziwani.

Baba akaenda machimbo ya dhahabu, akawekwa chini, kwenye mashine za kutoboa miamba. Alirudi nyumbani mara chache, nywele na nyusi zikiwa na vumbi jeupe, na mara ya kwanza nilidhani ni pamba. Mimi alinipeleka shule ya misheni, kisha sekondari, kwa mshahara wa kule chini. Watu walimsifu kwa kusomesha. Mimi nilijua ninasomeshwa kwa sababu hataniweka tena karibu na mashine. Nilikuwa nimekua kiasi cha kuufikia mdomo wa kujazia oili bila boksi, na hapakuwa tena na mdomo wa kuufikia.

Kikohozi cha baba kilianza kidogo. Alipokuja kunitembelea shuleni alikuwa anasimama njiani kupumzika kila penye kivuli, na alitazama chini ili nisione. Mara moja tu nilijaribu kuisema ile siku ya kengele. Aliniuliza kama tunalishwa vizuri.

Nilizika uso wake nikiwa kidato cha tatu, na uso ule ule ulikuwa umesimama ng'ambo ya kaburi, ukilia. Doto aliishi mpaka uzee mkubwa. Katika yeye nilimwona baba akiota mvi, akipoteza meno, akicheka na wajukuu, mambo ambayo baba hakuyafikia.

Mjukuu wangu alitengenezewa gari lake, ile taa ilikuwa ya oili. Aliniuliza kwa nini nilitaka kujitupa nje. Nilimwambia nitamwandikia, na ndiyo haya. Niliisikia kengele ya baba yangu, nikaipima kama alivyonifundisha, nikajua inasema kweli, nikaiziba kwa sababu watu walicheka. Boti ikafa, baba akakosa kazi aliyoijua, akaenda kuvuta vumbi la mawe mpaka kifua kikajaa. Pamba ile ilinigharimu baba yangu.